Lofti ya FreeCAD: mpe mikato inayoelewana, la sivyo atakuonyesha jeuri

Nianze na hukumu, mwenye haraka aende zake: lofti ya FreeCAD, yaani zana ya kuvisha ngozi kati ya mikato katika programu hiyo ya bure ya kuchora maumbo ya 3D, ni zana nzuri kwa mtu anayejua umbo lake limekatikaje, na ni zana ya kukatisha tamaa kwa anayetaka programu imkisie. Ninaitumia, nitaendelea kuitumia, na kuna kazi mbili tatu ambazo siigusi kabisa. Nitazitaja.

Kazi yangu ni kuchora vipande vya mifereji ya hewa. Kiungo kinaanza na mdomo wa mstatili kinaishia na mdomo wa duara. Kiwiko kinaingia kipana kinatoka chembamba. Mara mojamoja na pangaboi la feni. Vyote vina tabia moja: huvipati kwa kuchora umbo moja na kulivuta juu. Unachora mkato wa mwanzo, unachora mkato wa mwisho, pengine na wa katikati, halafu unaiachia programu ivishe ngozi kutoka mmoja hadi mwingine. Mikato ni yako. Kilicho katikati ya mikato ni chake, na ugomvi wote unatokea hapo.

FreeCAD ina lofti mbili, jambo linalomchanganya kila mgeni. Ya kwanza iko kwenye meza ya kazi (yaani seti ya zana) ya Part. Hii haichagui: inapokea nukta, ukingo, mzunguko wa kingo au uso mzima, ila nukta lazima iwe mwanzoni au mwishoni mwa foleni. Ina kisanduku cha kuchagua kama unataka umbo yabisi. Usipokitia alama unapata ngozi tupu, ganda lisilo na mifuniko. Ya pili iko Part Design, nayo imegawanyika: inayoongeza nyama na inayochimba. Hii hufanya kazi na michoro iliyo ndani ya kitu kimoja, na matokeo yake yanaungana papo hapo na kilichokwishajengwa. Kwa kawaida naanzia Part Design kwa sababu historia ya kazi inakaa vizuri, lakini ukitaka kufanya jambo lisilo la kawaida, rudi Part. Nitaeleza kwa nini nikifika kwenye bati.

Chini ya zote mbili kuna kiini kimoja cha jiometri, yaani msimbo unaokokotoa maumbo, Open CASCADE, ambacho msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 1999. FreeCAD yenyewe ilitoka mara ya kwanza mwaka 2002. Nayataja haya kwa sababu ya faida moja: ukiielewa lofti hii umeelewa na za majirani. Gmsh, programu ya kutengeneza wavu wa hesabu za uhandisi, iliruhusu kujenga maumbo kwa kiini hichohicho kuanzia toleo la 3 mwaka 2017, na amri yake ya ThruSections ni lofti hiihii ikiwa imevaa maandishi badala ya vitufe. Tabia nzuri ni zilezile, na vituko ni vilevile.

Jaribio la kwanza ninaloipa zana yoyote ya lofti halihitaji kipaji. Mraba wa milimita 60 chini, mraba wa milimita 20 juu, kimo milimita 60. Hiyo ni piramidi iliyokatwa kichwa na fomula yake ni ya darasani: theluthi ya kimo, mara jumla ya 3,600 na 400 na 1,200. Ishirini mara 5,200 ni milimita za ujazo 104,000. Fungua konsoli ya Python, dirisha la kuandikia amri lililomo ndani ya FreeCAD, uliza Shape.Volume ya umbo lako, ulinganishe. Ikija namba nyingine, usiendelee. Kuna kitu kimepindika, hata kama kwenye kioo kinaonekana kimenyooka.

Na kupindika kunakula ujazo kuliko mtu anavyodhani. Chukua miraba miwili iliyo sawa, 60 kwa 60, mmoja juu ya mwenzake, kimo 60. Kona ikiungana na kona iliyo juu yake, unapata mchemraba wa 216,000. Kona ya kwanza ya chini ikiungana na kona ya pili ya juu, na kila kona ikafuata mkumbo huo, mikato haijabadilika hata kidogo, lakini umbo linabana kiuno: katikati eneo linabaki nusu, na ujazo wote unashuka hadi 144,000. Theluthi nzima imepotea, na michoro yako yote miwili ni sahihi. Programu hujaribu kutafuta kona zinazolingana, na kwa maumbo ya kistaarabu hupatia. Maumbo yakianza kutofautiana, inakisia. Ndiyo maana nasema mpe mikato inayoelewana: idadi ya vipande iwe moja, kuanzia kuwe upande mmoja, na mwelekeo wa kuzunguka uwe mmoja. Na foleni ya mikato kwenye orodha ndiyo foleni ya kuunganisha. Ukichagua wa kwanza, wa tatu, wa pili, atakufuata hivyohivyo.

Sasa kiungo chenyewe, maana hapa ndipo zana inapopimwa. Mdomo wa chini mstatili wa 400 kwa 300, mdomo wa juu duara la kipenyo 250, umbali kati yao 350. Mstatili una kingo nne. Duara lina ukingo mmoja tu, na mshono wake uko pale kiini kilipoamua kuuweka. Ukizikabidhi hivyo, umemwachia afanye mgawanyo mwenyewe: duara litakatwa mahali fulani na kona za mstatili zitapelekwa huko. Wakati mwingine yanatoka matokeo yanayopita. Wakati mwingine ngozi inateleza kidogo upande mmoja, kiasi ambacho hukioni mpaka ugeuze umbo na kulitazama kwa juu.

Dawa ni kulikata duara wewe mwenyewe. Kwenye mchoro wa juu, chora mishazari ya mstatili wa chini kama mistari ya msaada. Halafu badala ya duara chora matao manne yenye kitovu kimoja na nusu kipenyo kimoja, ncha zake zikikaa juu ya mishazari hiyo. Angalia: kwa mstatili wa 400 kwa 300 mshazari hauko kwenye nyuzi 45. Uko kwenye nyuzi 36.87, na anayekata duara robo nne kwa mazoea anapata kona zinazovutwa pembeni. Ukishafanya hivyo, vipande ni vinne kwa vinne, kila kona ina mwenzake, na lofti inatulia. Hata ukibadilisha kimo kutoka 350 kwenda 500, inatulia vilevile.

Hilo ni kwa anayetaka umbo la kuchapisha kwa printa ya 3D au la kuchonga kwa mashine. Anayetaka kulikunja kwa bati asubiri kidogo.

Kuna kisanduku kinaitwa Ruled. Ukikitia alama, programu inaunganisha mkato na mkato kwa mistari iliyonyooka badala ya mikunjo laini. Wengi wanasoma hapo kwamba uso wa mistari iliyonyooka basi unaweza kukunjuliwa ukalala bapa mezani. Si lazima. Uso kati ya upande mnyoofu wa mstatili na tao la duara umejengwa kwa mistari iliyonyooka, ndiyo, lakini kila mstari umegeuka kidogo kuliko jirani yake, na uso mzima umejipinda kama parafujo. Bati la kawaida halifiki huko bila kunyooshwa kwa nguvu. Fundi wa bati anajua hili kwa mikono: kiungo chake cha mstatili kwenda duara ni pembetatu nne bapa, na kati ya pembetatu na pembetatu kuna kipande cha pia (koni) iliyoinama chenye ncha kwenye kona ya mstatili.

Ndiyo sababu ya kurudi meza ya Part. Kule lofti inakubali kuanza na nukta na kuishia na ukingo ulio wazi. Safari hii likate duara tofauti: matao manne yanaanzia na kuishia mbele kabisa, nyuma kabisa, kulia kabisa na kushoto kabisa, yaani pale ambapo mstari unaoligusa duara uko sambamba na upande wa mstatili. Lofti kutoka nukta ya kona hadi robo ya duara inayoikabili, mara nne. Halafu upande wa mstatili pamoja na ile nukta ya duara iliyo katikati yake, hiyo ni pembetatu, nayo inatengenezwa kwa zana ya kujenga nyuso, mara nne tena. Shona nyuso zote ziwe ganda. Hapo kila kipande kinakunjuka bila ubishi, kwa sababu pia hukunjuka na pembetatu tayari ni bapa. Ni kazi zaidi ya kubofya kitufe kimoja, lakini ni kazi inayokata bati sahihi.

Kwa pembeni: OpenSCAD, programu ya kuchora kwa kuandika amri, ambayo watu hupenda kuisema kwamba haina lofti, inalipata umbo hili kwa neno moja. Amri yake ya hull huvuta ngozi iliyokazwa kuzunguka maumbo mawili, na ngozi iliyokazwa kati ya mstatili na duara kwenye tambarare mbili sambamba ni ileile ya pembetatu na pia. Duara lake ni poligoni, kwa hiyo unapata vijipande bapa vingi badala ya uso mmoja laini. Tena ukimpa mkato wenye shimo au bonde, hull inaliziba bila kuuliza. Kwa kiungo cha bati, hata hivyo, inaishinda lofti ya programu nyingi za gharama kubwa.

Turudi kwenye ulaini. Ukiwa na mikato miwili tu, kutia alama Ruled au kutotia hakubadilishi kitu. Kati ya mikato miwili hakuna njia nyingine ila iliyonyooka. Tofauti inaanza na mkato wa tatu. Hapo lofti laini inapitisha splaini, yaani mkunjo laini mmoja, kwenye mikato yote, na splaini ina tabia ya kuzidisha. Chora maduara manne kwenye mhimili mmoja: kipenyo 40 kwenye kimo 0, 40 tena kwenye 50, 80 kwenye 60, 80 kwenye 110. Akilini mwako ni bomba jembamba, bega fupi, bomba pana. Kwenye kioo unapata chupa: kabla ya bega bomba linakonda chini ya 40, na baada ya bega linavimba kupita 80. Kila duara limepitiwa sawasawa, huwezi kuidai programu kitu. Kuongeza mikato kunapunguza uvimbe mahali pamoja na kuzaa mawimbi madogo mahali pengine. Kilicho sahihi ni kutia alama Ruled, au kukata umbo vipande vitatu vya lofti na kuviunganisha. Kwa mifereji natumia Ruled karibu kila mara.

Pangaboi ni kinyume chake. Hapo ulaini ndio unaoutafuta, na swali ni mikato mingapi inatosha. Jembe la pangaboi linajizungusha jinsi linavyotoka kitovuni. Kama linatakiwa kusonga milimita 150 kwa kila mzunguko, pembe yake kwenye nusu kipenyo cha 50 ni nyuzi 25.5, kwenye 100 ni 13.4, kwenye 150 ni 9.0. Weka mkato wa 50 na wa 150 peke yake, na lofti itakupa katikati wastani wa zile mbili, kama nyuzi 17.3. Umekosea kwa karibu nyuzi 4, na jembe lililokosea kiasi hicho linapiga hewa kelele badala ya kuisukuma. Mkato wa 100 ukiingia, mambo yanakaa. Unapopunguza nafasi zaidi, faida inapungua haraka na wakati wa kukokotoa unaongezeka.

Kwenye jembe hilohilo kuna mtego mwingine mdogo. Mkato wa bawa wa NACA 0012, ule usio na mgongo, yaani juu na chini sawa, wenye unene wa asilimia 12 ya urefu wake, ukiupata kwa fomula ya kawaida haufungi kabisa kwa nyuma. Kwa urefu wa milimita 120 unaacha mwanya wa milimita 0.3. Baadhi ya watu huufunga kwa kijistari, wengine huzivuta pande mbili zikutane. Fanya lolote kati ya hayo, ila fanya lilelile kwenye kila mkato. Mmoja ukiwa na kijistari na mwingine hauna, hesabu ya vipande imetofautiana, na makali ya nyuma ya bawa yatakunjamana.

Kinachokosekana sasa. Katika toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, lofti haina mistari ya kuongoza. Huwezi kuchora mkunjo pembeni na kusema ngozi ipite hapa. Huwezi pia kuiambia iondoke kwenye mkato wa kwanza ikiwa wima, au ipokee uso jirani bila kuvunjika. Programu nyingine za kuchora kama SolidWorks, Fusion na Rhino zina mambo haya kwa namna mbalimbali, na anayehamia FreeCAD kutoka huko ataona pengo siku ya kwanza. Njia za kuzunguka zipo. Zana ya bomba linaloongeza nyama ya Part Design inafuata mkunjo wa njia na kupokea mikato mingi, kwa hiyo viwiko vyangu vinavyopungua navifanya huko, si kwenye lofti. Na kuna nyongeza inaitwa Curves, ya kupakua bure, yenye zana ya uso wa Gordon: unampa mikunjo ya kwenda na mikunjo ya kukatiza, anafuma uso unaoipitia yote. Kwa anayechora ganda la mashua mwenye mkuku, mataruma na mistari ya ubavuni, huko ndiko nyumbani kwake.

Ganda la mashua ndilo lililozaa ufundi huu wote, kwa kweli. Waunda meli walikuwa wakichora mataruma kwa ukubwa kamili sakafuni, wakipindisha fito nyembamba za mbao na kuzishikilia kwa vipande vizito vya risasi mpaka mstari upendeze. Viwanda vya ndege vikarithi sakafu hizo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Roy Liming wa North American Aviation huko Marekani aliibadili kazi hiyo kuwa hesabu za mikunjo ya koni, na umbo la P-51 Mustang likapatikana kwa namba. Fito ya mbao ilikuwa na jambo moja ambalo splaini yetu haina: ilikataa kupinda vibaya.

Unene ni kero nyingine ya kutahadhari. Ukiwa na lofti laini na ukataka kuitoboa ndani iwe ganda la milimita 2, zana ya unene ya FreeCAD mara nyingi hugoma kwenye nyuso za namna hii, hasa zilizojipinda. Usibishane nayo. Tengeneza lofti ya pili kwa mikato ya ndani, uitoe kwenye ya kwanza. Unajua unene ni sawa pale kwenye mikato. Katikati hautakuwa sawa kabisa, na kwa mfereji wa hewa hilo halina madhara.

Mikato yako usiikalishe juu ya nyuso za umbo jingine. Toleo la 1.0 limepunguza sana lile tatizo la zamani ambapo ukibadilisha kitu kimoja majina ya nyuso yanahama na michoro inaruka kwenda kusikojulikana, lakini kupunguza si kufuta. Iambatishe kwenye tambarare za msingi na uipe umbali, na umbali huo uutoe kwenye jedwali la hesabu lililomo humohumo ndani ya programu. Hapa niisifie bila kigugumizi: kuandika 350 kwenye seli moja, kisha kuibadilisha kuwa 420 na kuona kiungo chote kikijijenga upya na mifuniko yake, kwa programu ambayo huilipii chochote, ni starehe.

Basi kwa mifereji, faneli, mishikio, makombe, hopa na majembe ya feni, ichukue. Kwa chupa za manukato, magamba ya magari na kitu chochote ambacho mteja ataangalia mwanga unavyoteleza juu yake, lofti hii itakuchosha. Anza moja kwa moja na Curves au nenda Rhino. Na kwa bati, kabla hujapeleka faili kukatwa, kokotoa ujazo, geuza umbo ulitazame kwa juu, kisha pitisha zana ya kukagua jiometri iliyo kwenye meza ya Part. Uso uliojikata wenyewe mara nyingi huonekana mzima kwenye kioo, na mashine ya kukatia haitakuonya.